Kemo na Jiko la Mamalishe: Uchambuzi wa Kisa Kimoja

Mgonjwa ni mama wa miaka 46, mamalishe karibu na stendi ya Korogwe, mkoani Tanga. Uvimbe wa titi la kushoto uliondolewa kwa upasuaji Dar es Salaam, na majibu ya maabara yalipotoka akapangiwa kemo, yaani dawa za kuua chembe za saratani: mizunguko minne ya doksorubisini pamoja na siklofosfamidi, siku 21 kati ya mmoja na mwingine, halafu minne ya paklitakseli kwa nafasi hiyohiyo. Ni mpango unaotumika sana kwa saratani ya titi, hauna jipya. Mimi ni nesi, nilikuwa miongoni mwa waliomtundikia dripu. Mwenyewe ameridhia kisa kisimuliwe. Nimebadili mambo kadhaa ya maisha yake asije akatambulika.

Kwenye faili alikuwa mgonjwa mwepesi. Hana kisukari, hana presha, figo na ini havina neno, na kipimo cha moyo kilikuwa kizuri. Kipimo hiki hufanywa kabla ya kuanza kwa sababu doksorubisini huweza kuudhoofisha moyo kadiri dozi zinavyojumlika. Hata hivyo, baada ya mzunguko wa pili alimwambia mdogo wake kwamba harudi tena Dar, bora afie kwake akiwa na nguvu zake. Alifikaje hapo? Karibu kila kilichomtesa kilikuwa na namna ya kukipunguza, na mara nyingine dawa yenyewe ilikuwa tayari ndani ya mkoba wake. Alichokosa ni mtu wa kumwambia lipi huja siku ipi.

Maelezo aliyapata yote kwa mkupuo, asubuhi ya dripu ya kwanza, akiwa na hofu na hajala. Utatapika, nywele zitanyonyoka, kinga itashuka, mdomo utapata vidonda, kula vizuri, kunywa maji mengi, ukipata homa uje. Akaitikia yote. Ukimuuliza jioni yake amebaki na lipi, alibaki na nywele. Sisi watoa huduma tunapenda sana orodha, kwa sababu orodha ikishasomwa tunajiona tumemaliza kazi. Mgonjwa hakai na orodha. Anakaa na siku ya pili, siku ya nne, siku ya kumi na moja, kila moja na balaa lake.

Vidonge vilivyotunzwa

Doksorubisini ni nyekundu kama juisi ya rozela. Husukumwa taratibu kwenye mshipa, nesi akiwa kasimama palepale, maana ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama. Mgonjwa akihisi mkono unawaka au unavuta, aseme hapohapo, asione haya kumsumbua mtu. Yeye alisema mapema, dawa ikasimamishwa, mshipa mwingine ukatafutwa, hakuna kilichoharibika.

Siku hiyo hakutapika. Kesho yake akapanda basi kurudi Korogwe, na siku ya tatu alikuwa jikoni kwake anapika wali wa wateja. Usiku usingizi ukamgomea. Saa nane za usiku anasugua masufuria. Ndugu wakafurahi kwamba kemo imemkubali. Siku ya nne akaanguka kitandani, akatapika mpaka nyongo, na siku ya sita ndiyo alisimama tena, kwa kushika ukuta.

Mambo mawili yalikutana hapo. La kwanza ni deksamethasoni, kidonge kinachotolewa pamoja na kemo kusaidia kuzuia kutapika. Kinampa mtu nguvu ambazo si zake: anachangamka, anaona njaa, halali. Kikiisha, mwili unadai. Tena alikuwa anakimeza usiku, kabla ya kulala, kwa kudhani dawa zote za hospitali humezwa usiku. Kidonge hiki ni cha asubuhi, baada ya kula kitu. Alipohamishia asubuhi usingizi ulirudi kiasi, na tulipomwambia kwamba uchangamfu wa siku ya pili na ya tatu ni wa kukopa, aliacha kuutumia wote.

La pili lilinishangaza zaidi. Alipokuja mzunguko wa pili nilimwomba anionyeshe dawa zilizobaki. Ondansetroni, vidonge vya kuzuia kutapika, ilikuwa karibu nzima.

"Mama, mbona hukumeza?"

"Nilikuwa nazitunza, sista. Mtu unamezaje dawa ya kutapika na hujatapika? Nikasema zikae, nikizidiwa nitazitumia."

Alipozidiwa, kila kidonge alichomeza kilirudi na maji. Kichefuchefu cha kemo hii huja kwa vipindi viwili: cha kwanza ndani ya saa 24, cha pili kuanzia siku ya pili hadi karibu ya tano. Vidonge vinazuia, havizimi. Vinamezwa kwa saa, kama vilivyoandikwa, hata kama mtu anajisikia mzima wa afya. Na wagonjwa wanaotunza vidonge ni wengi kuliko tunavyodhani, hasa waliowahi kununua dawa kwa kuchangiwa. Kwao kumeza kidonge bila kuumwa ni ufujaji.

Mzunguko wa pili daktari akaongeza olanzapini, kidonge kimoja usiku. Ni dawa ya zamani ya magonjwa ya akili ambayo ushahidi umeonyesha kwamba, hata kwa dozi ndogo, ni kali sana dhidi ya kichefuchefu cha kemo. Hakukimeza. Kijana wa duka la dawa alipoona jina alimwambia mbele ya watu, "Hii si wanampa vichaa?" Wifi yake akaongezea kwamba kumbe hospitali wameshamwona amechanganyikiwa. Lawama hapa si za kijana peke yake. Ilitupasa tumwambie kabla hajaenda dukani kwamba dawa hii ina kazi mbili, na kwamba itamlaza usingizi mzito. Mzunguko wa tatu aliimeza, akalala usiku kucha, na siku ya nne alikaa akanywa uji. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kuliko zote nilizoziona kwenye kisa hiki.

Ondansetroni nayo ina lake: hufunga choo. Siku tano bila choo, tumbo limejaa, ndipo mgonjwa anasema kemo imemharibu utumbo. Papai na maji vilimsaidia, na siku mbaya alitumia kidonge cha kulainisha choo alichoandikiwa. Enema ya nyumbani alikatazwa kabisa, kwa sababu kinga ikiwa chini mchubuko mdogo wa njia ya haja kubwa ni mlango wa vijidudu kuingia kwenye damu.

Kitunguu

Kwa mgonjwa mwingine harufu ni usumbufu. Kwa mamalishe harufu ndiyo riziki. Kitunguu kikianza kugeuka rangi kwenye mafuta, yeye tayari yuko nyuma ya kibanda anatapika. Dagaa ndiyo usiseme. Mzunguko wa pili ulipokaribia alianza kutapika hata kabla ya dripu: akiona geti la hospitali, akinusa spiriti ya kusafishia mkono, tumbo linapinduka. Mwili ulikuwa umeshajifunza. Hali hii ni ngumu kuiondoa ikishaingia, ndiyo maana mzunguko wa kwanza unatakiwa udhibitiwe vizuri kuliko yote.

Tulikaa naye na mdogo wake, tukagawa kazi upya. Siku tano za mwanzo baada ya dripu haendi kibandani kabisa. Mdogo wake anakaanga, yeye akirudi wiki ya pili anakaa mezani upande upepo unakotoka, anapokea hela na kuandika madeni. Nyumbani chakula kinapikwa kwa jirani na kufunuliwa nje, mvuke ukishatoka ndipo kinaingia ndani. Chakula kilichopoa hakina harufu kali: viazi vitamu vya kuchemsha vilivyolala, wali mkavu, ndizi mbivu, mtindi wa pakiti. Vijiko viwili vitatu kila baada ya saa mbili, badala ya sahani iliyojaa inayomtazama. Tangawizi mbichi kwenye maji ya moto ilimtuliza, lakini haikuchukua nafasi ya vidonge, na alilielewa hilo bila kubishana.

Jambo moja alilijua kwa kuchelewa. Siku ya dripu ya kwanza mdogo wake, kwa upendo, alimbebea chakula anachokipenda kuliko vyote, ugali wa muhogo na samaki wa nazi. Akala, akatapika baadaye, na tangu hapo hawezi hata kukaa karibu nacho. Siku za kemo ule chakula cha kawaida tu, usichokipenda sana wala kukichukia. Unachokipenda kitunze.

Basi lisilo na choo

Kutoka Dar mpaka Korogwe ni saa tano au sita barabarani, foleni ikiwa na huruma. Tulimwambia anywe maji mengi. Yeye kwa akili ya kawaida kabisa akaacha kunywa tangu usiku wa kuamkia safari, kwa sababu basi halisimami kila mtu anapotaka. Kumbe siklofosfamidi ikivunjwa mwilini hutoa mabaki yanayochubua kibofu, na kinga yake kubwa ni maji na kukojoa mara kwa mara siku ile na inayofuata, usiku pia. "Kunywa maji mengi" lilikuwa neno sahihi lililosemwa bila kuuliza mgonjwa anarudi nyumbani kwa usafiri gani.

Alipokojoa mkojo mwekundu siku ya kwanza alihisi ni damu, akanyamaza. Rangi ile ya siku moja au mbili ni ya doksorubisini yenyewe na haina madhara. Ukiendelea kuwa mwekundu baada ya hapo, au mkojo ukichoma, hiyo ni habari nyingine na inataka daktari.

Suluhisho lilikuwa la kifamilia: shemeji yake wa Mbagala akamkaribisha alale kwake usiku mbili baada ya kila dripu. Anakunywa lita mbili hadi tatu kwa siku akiwa karibu na choo, anasafiri siku ya tatu akiwa amebeba ndoo ndogo yenye mfuniko. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini mwaka 2019, na ya karatasi kwa kazi hii haifai. Ndoo ndiyo jibu.

Saa 48 za mwanzo mabaki ya dawa hutoka kwenye mkojo, choo na matapishi. Anayemwaga ndoo avae glavu, choo kimwagiwe maji ya kutosha na kufunikwa, shuka zilizochafuka zifuliwe peke yake. Ilibainika kwamba aliyekuwa akimwaga ndoo ni binti yake mkubwa, mjamzito wa miezi mitano. Kazi hiyo ikahamia kwa kaka yake siku hiyohiyo.

Magadi

Siku ya saba hivi mdomo ulianza kuwaka. Alikuwa ameambiwa asukutue kwa maji ya chumvi na soda. Jikoni kwake soda aliyonayo ni magadi ya kulainishia maharage. Akachanganya hayo, kijiko kizima kwenye kikombe. Alinionyesha ulimi: mwekundu, umechubuka ukingoni, na weupe kwenye mashavu kwa ndani.

Magadi si bikaboneti ya soda, na hamira si bikaboneti ya soda. Mtu asiye na hakika atumie chumvi peke yake, nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa, asukutue kila baada ya chakula na kabla ya kulala, kisha ateme. Mswaki uwe laini. Dawa za kusukutua zenye kilevi zinakausha na kuunguza, ziachwe. Ukwaju na ndimu, vinavyosaidia sana mtu anayehisi ladha ya chuma mdomoni, havifai kidonda kikiwa wazi. Ule weupe ulikuwa fangasi, akapewa nistatini ya maji ya kuzungusha mdomoni kabla ya kumeza, na ndani ya wiki ulitoweka.

Nywele zilitoka wiki ya tatu, mafungu mafungu kwenye mto. Alinyoa zote mara moja, akafunga mtandio kama siku zote, na kusema hilo ndilo lililomsumbua kidogo kuliko yote. Kwa wengine ndilo kubwa kuliko yote. Sina la kuongeza hapo.

Siku ya kumi na moja

Sehemu hii ndiyo iliyotaka kumuua.

Chembe nyeupe za damu zinazopambana na vijidudu hushuka taratibu baada ya kemo hii, zikafika chini kabisa kati ya siku ya 10 na ya 14, kisha zikapanda kabla ya dripu inayofuata. Ubaya ni kwamba siku hizo mgonjwa anajisikia vizuri. Kutapika kumeisha, hamu ya kula imerudi, anaanza kutoka. Siku ya 11 ya mzunguko wa pili mama huyu alirudi kibandani, akashinda stendi katikati ya watu, akala kachumbari. Saa moja usiku akaanza kutetemeka.

Alimeza Panadol mbili, akajifunika blanketi. Jasho likamtoka, homa ikashuka, wakalala. Asubuhi ikarudi. Wakaenda zahanati ya karibu. Kipimo cha haraka cha malaria hakikuonyesha kitu. Hata hivyo akapewa mseto, dawa ya malaria, pamoja na vidonge vya maambukizi ya mkojo, akaambiwa apumzike. Mhudumu hakuuliza kuhusu kemo, naye mgonjwa hakusema; aliona aibu, na pia alidhani homa ni homa. Sisi sote tuliokulia Tanga, Pwani, Morogoro tunajua homa ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo. Tumefundishwa hivyo na mbu.

Mchana kijana wake aliikumbuka karatasi tuliyompa, akapiga namba iliyoandikwa juu. Niliyempa simu ni daktari wa zamu, na maswali yake yalikuwa matatu tu: dripu ilikuwa lini, joto ni ngapi, anatetemeka? Kipimajoto hawakuwa nacho. Akaambiwa asisubiri kipimajoto, aende hospitali ya mkoa sasa hivi, na neno la kwanza mlangoni liwe "yuko kwenye kemo". Walipofika presha ilikuwa imeshuka, joto 39.2, na picha ya damu ikaonyesha chembe za aina ya nyutrofili 300 tu kwa milimita moja ya ujazo. Chini ya 500 huhesabiwa kuwa upungufu mkali. Antibiotiki za mshipa ziliingia ndani ya saa ile ile, kama inavyotakiwa, wala majibu ya kuotesha damu hayakungojewa. Alilazwa siku sita.

Nikichambua, makosa hayakuwa ya mtu mmoja. Panadol ilificha homa usiku kucha. Mseto haukumdhuru, ila ulimpa kila mtu matumaini kwamba tiba imeanza. Na hata kama kipimo cha malaria kingesema ipo, bado alitakiwa kufika hospitali, kwa sababu malaria na upungufu wa kinga vinaweza kumkuta mtu mmoja siku moja. Sheria niliyompa tangu hapo, na ninayompa kila mtu, ni fupi: ukiwa kwenye kemo, joto la nyuzi 38 au kutetemeka ni safari ya hospitali usiku huohuo. Pima kabla ya kumeza kitu chochote cha kushusha homa. Kipimajoto cha kwapani husoma chini kidogo ya joto halisi la mwili, kwa hiyo kikisoma 37.8 na unatetemeka, usibishane nacho.

Hapo ndipo aliposema harudi. Kilichombadilisha si mahubiri. Binti yake alichukua kalenda ya ukutani, ile wanayogawa maduka ya pembejeo, tukakaa nayo kwenye benchi. Siku ya dripu ikawa ya 1. Siku ya 1 hadi ya 5: vidonge kwa saa, hakuna kibanda. Siku ya 7: chungulia mdomo. Siku ya 10 hadi ya 14: hakuna stendi, hakuna kachumbari wala maziwa yasiyochemshwa, mayai yaive, kipimajoto asubuhi na jioni, nauli ya dharura iko kwenye kopo. Siku ya 15 hadi ya 21: siku zake, afanye atakavyo. Alipoona kwamba ndani ya wiki tatu kuna wiki nzima ya kwake, alikaa kimya akihesabu, kisha akauliza kama harusi ya mpwa wake itaangukia humo. Iliangukia.

Dripu ya tatu ilisogezwa wiki moja mpaka chembe zipande. Kuanzia hapo kila mzunguko ulifuatwa na sindano za filigrastimu, zinazosukuma uboho kutengeneza chembe nyeupe, zikianza saa 24 au zaidi baada ya kemo. Zinaleta maumivu ya mifupa, hasa kiuno na mapaja, na ni ghali; ukoo ulichanga. Homa haikurudi.

Mama mkwe na magome ya mti

Mama mkwe wake alikuwa na dawa ya magome, ya kuchemsha na kunywa kutwa mara tatu. Hakuwa mtu wa kudharauliwa. Ndiye aliyelea wajukuu mgonjwa akiwa Dar. Alinijia mwenyewe na chupa. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Hiyo yenu ni kemikali, hii yangu ni mti. Kipi kitamdhuru?"

Nilimwambia ukweli ambao wagonjwa wengi hawajui. Paklitakseli, dawa ambayo mkwewe angeianza baada ya mzunguko wa nne, ilipatikana kwanza kwenye gome la mti unaoota magharibi ya Marekani. Doksorubisini inatokana na bakteria wa udongoni waliopatikana Italia. Gome lina nguvu, na kwa sababu hiyohiyo siwezi kuruhusu magome mawili yakutane kwenye ini moja bila kujua la pili lina nini. Dawa nyingine za miti huharakisha ini kuivunja kemo, nyingine huchelewesha, na ini likichoka dozi inapunguzwa au inasimamishwa. Hakuitupa chupa yake, aliifungia kabatini hadi matibabu yaishe. Kwangu huo ulikuwa ushindi wa kutosha. Mgonjwa anayefichua mitishamba yake ni salama kuliko anayeapa kwamba hatumii.

Kaka wa mgonjwa naye alikuwa na lake: kwamba Waafrika tunafanyiwa majaribio. Siklofosfamidi ilikuwa ikitumika Kampala, hospitali ya Mulago, tangu miaka ya 1960, kwa watoto wenye uvimbe wa taya ambao daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958. Watoto wa Uganda walikuwa miongoni mwa wa kwanza duniani kupona saratani kwa vidonge na sindano. Sikumsomea yote hayo. Nilimwambia tu kwamba dawa hii imekuwa Afrika Mashariki kabla yeye hajazaliwa.

Paklitakseli na masufuria

Mizunguko minne ya mwisho, ya paklitakseli, ilikuwa na sura tofauti. Kutapika kulikuwa kidogo sana. Siku ya pili hadi ya nne viungo na misuli vilimuuma kama aliyebeba magunia, akatuliza kwa parasetamoli, akipima joto kwanza kila mara. Uchovu ulikuwa wa aina ambayo usingizi hauumalizi. Kilichomsaidia ni kutembea, kwenda msikitini na kurudi jioni, mwendo wa polepole, hata siku asizotaka. Kulala kutwa kulimchosha zaidi.

Ganzi ndiyo iliyokuwa na maana kubwa kwake. Ilianza kwenye vidole vya miguu, ikaja mikononi. Dozi ya pili alishindwa kufunga vifungo vya gauni. Ya tatu alishika mpini wa sufuria la moto bila tambara, akajua ameungua aliponusa. Hakutuambia mpaka nilipouona mkono, kwa hofu kwamba dawa itapunguzwa na saratani itarudi. Hofu hiyo naielewa, lakini mishipa ya fahamu inaweza kuharibika isipone tena, na kupunguza dozi ya mwisho kwa kiasi kidogo ni uamuzi ambao madaktari huufanya kila siku bila kuharibu tiba. Dozi ya nne ilipunguzwa. Akapewa duloksetini, dawa yenye ushahidi kwa maumivu ya ganzi hii, ingawa kwenye ganzi yenyewe haifanyi mengi.

Nyumbani tulipanga upya kidogo: matambara mazito kwenye kila mpini, maji ya kuoga yapimwe kwa kiwiko, viatu vilivyofunikwa badala ya kandambili, na miguu ikaguliwe kila jioni kwa sababu mwiba haumwambii tena. Chenji alikuwa akiiangusha, akaanza kuipokelea kwenye bakuli.

Alimaliza minane yote. Vidole vya mikono vilirudi karibu vyote baada ya miezi kadhaa. Vya miguu bado vina ganzi, na huenda vikabaki hivyo. Kitunguu anakaanga mwenyewe sasa. Sufuria kubwa la wali hulishusha mdogo wake.